Sufuria Ile Haikumuua Baba Yako

Idi mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naiona. Tangu asubuhi hujala, begi umelifunga ukalifungua ukalifunga tena, na sasa umekwenda Charambe kuaga watu ambao wewe na mimi tunajua saa hizi hawapo nyumbani. Umekwenda ili usikae na mimi. Sikulaumu. Nimeitumia nafasi hiyo. Nimekaa kwenye cherehani, nimesogeza gauni la Mama Zawadi pembeni, naandika.

Kesho alfajiri basi linaondoka kwenda Tunduru nawe utakuwamo. Mambo ya kufua, kula na kuangalia mzigo sitayaandika. Kama mpaka umri huo sikukufundisha kuchemsha maji, basi nimeshachelewa. Naandika jambo moja tu, lile ambalo kila nikilianza unainuka na kusema, "Mama, tuyaache." Barua huwezi kuinukia. Ukiinuka nayo, mtainuka wote.

Nina hasira, Idi. Hujanizoea hivyo. Uani hapa kila mtu ananijua kwa upole, na baba yako alizoea kusema kwamba siku moja mwizi atakuja kubeba cherehani nikiwa naishonea, nami nitamwomba asubiri nimalize pindo. Basi nimemaliza pindo. Watu wamekwambia ulimuua baba yako, nawe umewaamini wao ukaniacha mimi niliyekuwepo. Hasira yangu ni hiyo, na nataka uibebe vizuri, isimwagike njiani.

Nianzie kwenye sufuria, maana ndiyo iliyotukanwa zaidi.

Unajua baba yako alivyokuwa. Fundi redio katika mji ambao watu hawatengenezi tena redio. Kibandani kwake barabarani walimletea simu zilizopasuka vioo, akawaambia hajui simu, wakamwangalia kama muuza samaki asiye na samaki. Lakini chini ya kitanda alikuwa na boksi la valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, zinazowaka rangi ya chungwa kwanza ndipo redio iseme. Alizifunga moja moja kwenye vipande vya khanga zangu zilizochakaa. Mimi nilikuwa nikitafuta tambara la kufutia sakafu, nafungua khanga, nakuta taa.

Alitaka kutengeneza amplifaya, kikuza sauti cha hedfoni, kwa valvu hizo, asikilize taarabu yake pasipo kumsumbua mtu wala kusumbuliwa. Upande huu kuna baa, upande ule singeli, msikitini vipaza sauti, na kijana wa kuuza dawa ya panya ana spika kwenye baiskeli. "Mbagala kila mtu ana spika," alisema, "hakuna mwenye masikio." Wewe ukatafuta mchoro kwenye simu, mkaukopi kwenye karatasi, mkaanza kubishana. Sijawahi kuona watu wanaopendana wakibishana namna ile. Nilikuwa nashona huku nasikiliza, na ubishi mmoja naukumbuka neno kwa neno kwa sababu ndio unaohusika hapa.

"Baba, transfoma ya nini sasa?" ulimwuliza. "Hapa kwenye kutokea sauti watu wanaweka kapasita tu, inazuia umeme inapitisha sauti, ishu imeisha. Nyepesi, rahisi."

"Na kapasita ikifa?"

"Ikifa si unabadilisha?"

"Ikifa ndani kwa ndani, hujui kama imekufa, na umeweka hedfoni kichwani. Ule umeme mkali wa valvu unakwenda wapi?"

Nilikuona ukifuata waya kwa kidole kwenye karatasi mpaka mwisho.

"Unakwenda masikioni," akakumalizia. "Kichwa cha mtu si spika, Idi. Spika ikiungua naenda Kariakoo."

Mkaweka transfoma, moja ya sikio la kulia na moja ya kushoto. Mimi nikauliza transfoma inafanya nini, naye akanieleza kwa lugha yangu. Ni nyaya mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja, na hazigusani popote. Umeme mkali unaishia kwenye waya wa kwanza. Sauti peke yake ndiyo inayovuka kwenda waya wa pili, na huo wa pili ndio unaofika masikioni.

"Inavukaje kama hazigusani?"

"Inavuka tu, Mama Idi. Pilau la jirani linavyovuka ukuta. Ukuta upo, sahani huna, lakini unajua wanakula nini."

Na transfoma hizo nani alizizungusha? Hili wanalisahau wote, na nadhani hata wewe umelisahau. Baba yako alianza mwenyewe, akawa anapoteza hesabu kila mtu akipita na kumsalimia, kwa sababu hakuweza kuacha salamu bila kuitikia na kuuliza na watoto. Mimi nafuma vitambaa tangu nikiwa msichana. Naweza kuhesabu vitanzi huku nagombana. Akafunga kibao kwenye gurudumu la cherehani hii ninayoandikia, akanipa waya mwembamba kama unywele, nikazungusha. Baina ya tabaka na tabaka niliweka karatasi ya kaki, na baina ya waya wa kwanza na wa pili nikaweka nyingi zaidi, kama alivyonielekeza.

Ile ya kwanza niliiharibu. Alikuwa amekwenda Kawe kwa rafiki yake Gabrieli kutafuta vyuma vya transfoma, kaki ikaniishia katikati. Nikaona pakiti ya majani ya chai, ndani ina karatasi ya kung'aa, safi, imara kuliko kaki. Nikaikata, nikaizungusha, na kwa kuwa mimi ni fundi nguo, sikuweza kuacha ukingo wazi. Nikaukunja pindo, nikaufunga vizuri sana. Mlipoijaribu, sauti ilikuwa kama mtu anayesemea ndani ya mtungi, na transfoma ikawa ya moto. Baba yako akaifungua. Alipofika kwenye karatasi ya chai akaanza kucheka mpaka akavua miwani.

"Idi, njoo uone. Mama yako ametengeneza transfoma yenye pindo."

Halafu akanionyesha. Karatasi ile ina bati ndani yake. Kwa kukunja pindo nilikuwa nimefunga pete ya chuma kuzunguka waya wote, na nguvu ya umeme ikawa inazunguka kwenye pete, inaishia humo humo kwa joto. Hakusema neno baya. Tulikaa tukaifungua yote, mimi nashika kibao, yeye anavuta waya, nikaanza upya.

Nakukumbusha kosa hilo kwa sababu lilinifundisha kitu ambacho sasa nakihitaji. Kosa la kazi lina alama. Lina joto, unaliwekea mkono. Lina harufu. Fyuzi inaungua, waya unakuwa mweusi. Kosa halijifichi kwa sababu watu ni wapole, wala halijitokezi kwa sababu watu wana midomo. Na siku ile, Idi, hapakuwa na joto, harufu, wala weusi popote. Nitafika hapo.

Sufuria yenyewe ilikuwa yangu, ile kubwa niliyoachiwa na bibi yako, ya kupikia wali wa shughuli. Nilirudi sokoni nikaikuta imefunikwa chini juu, ina matundu mawili ya mviringo ya kuchomozea valvu, na nyinyi wawili mmekaa kama paka waliokula dagaa.

"Baba Idi, hiyo si sufuria ya mama?"

"Ilikuwa. Sasa ni nyumba."

"Nitapikia nini maulidi?"

"Tutaalikwa."

Sikusema na nyinyi mpaka magharibi. Lakini ninyi ndio mliofanya kazi safi ambayo mafundi wengi hawafanyi. Mlipigilia nondo ardhini hapo uani, mkaleta waya wa ethi kutoka kwenye nondo mpaka kwenye sufuria, ili umeme ukipotea njia uende chini, usiende kwa mtu. Baba yako akawa anatawadhia hapo hapo kila swala ili udongo usikauke. Jirani yetu Mama Zawadi akafunga kamba yake ya nguo kwenye nondo hiyo, wakagombana wiki nzima. Mtu aliyetawadhia waya wa ethi leo wanasema alikufa kwa uzembe wa umeme.

Na waya wa mwisho uliuunganisha wewe. Ndiyo. Sitakuficha wala sitakuzungushia maneno. Baba yako alikupa chuma cha kuchomea risasi, ile ya kuungia waya, akasema, "Malizia wewe, mimi mkono unacheza." Ukamalizia. Ukajivuna kidogo, nilikuona. Wote watatu tulisikia alivyosema mkono unacheza, na hakuna aliyeuliza kwa nini unacheza. Hilo ndilo la kujuta, kama unataka la kujuta, na tugawane, maana nilikuwa karibu kuliko wewe.

Aliiwasha baada ya swala ya alasiri, akakaa kwenye kiti chake cha kamba hapa uani. Alisubiri valvu ziwake vizuri. Akaiunga redio yake ya kaseti, akaweka ile kanda ya taarabu iliyorekodiwa kwenye harusi, ile ambayo tumeisikiliza tangu hujazaliwa. Akasikiliza upande mzima, akaigeuza, akaendelea. Wewe ulikuwa umekwenda dukani kutafuta vocha. Mimi nilikuwa hapa kwenye cherehani, mlango wa uani wazi, namwona mgongo. Akaniita bila kuvua hedfoni, kwa ile sauti kubwa ya mtu aliyeziba masikio.

"Mama Idi! Njoo usikie. Kuna mtu anakohoa."

"Wapi?"

"Humu. Upande wa kushoto, nyuma ya fidla. Miaka yote hii kanda tunayo, kumbe kuna mtu anakohoa."

"Nakuja," nikamwambia. Nilikuwa na mkono wa gauni chini ya sindano.

Nilipotoka alikuwa ameinamisha kichwa begani. Nilidhani anamsikiliza huyo anayekohoa.

Kilichofuata umekisikia kwa watu, sasa kisikie kwangu. Nilimshika, nikamwita, nikapiga kelele. Nilimshika, Idi. Mkono wangu ulikuwa kwenye shingo yake na hedfoni bado ziko kichwani na valvu zinawaka. Mimi miguu yangu ilikuwa mitupu kwenye udongo alioulowesha kwa udhu. Kama kungekuwa na umeme ndani yake, tungezikwa siku moja. Mpangaji wetu Kisoki ndiye aliyetoka chumbani kwake mbio na ufagio, akidhani ni umeme, akazipiga hedfoni zikaruka, akaipiga sufuria ikaangukia kwenye rundo la nguo za kufua. Alifanya hivyo kwa nia njema na ile siku nilimshukuru. Shukrani hiyo nimeirudisha kwangu.

Hospitali daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani. Alinikalisha, akanishika mkono. "Mama, mshipa umepasuka kichwani. Alikuwa na presha?" Nikasema anayo, dawa anakunywa akikumbuka. "Nimemwangalia mwili mzima," akasema, kwa sababu Kisoki alikuwa ameshamwambia habari za umeme. "Hana alama yoyote ya kuungua. Si umeme, mama." Nilikwambia maneno hayo usiku ule na siku zilizofuata, nawe ukanijibu, "Daktari alikuonea huruma tu." Nani alikuwekea neno hilo mdomoni? Halikuwa lako.

Nilikaa eda kama inavyotakiwa, ndani, nyuma ya pazia, na mjane aliye ndani anasikia mji mzima. Kisoki siku ya kwanza alisema, "Nilimkuta ameegemea." Baada ya hitima akawa anasema, "Nilimkuta anatetemeka." Ilipofika arobaini nilimsikia Mama Zawadi, anakaanga vitumbua hapo nje, anamwambia mteja wake:

"Moshi, shoga. Ulikuwa unatoka masikioni."

"We, acha. Uliuona?"

"Mie niuone wapi, nilikuwa sokoni. Si Kisoki kauona."

"Na mtoto je?"

"Mtoto ndo kaunga waya. Kijana wa watu, jamani. Haya, vya shilingi ngapi?"

Nilikuwa mita chache kutoka kwake, na pazia tu kati yetu. Ningeweza kusema. Nilidhani upole ni kunyamaza. Nilijiambia wakichoka wataacha. Hawakuchoka, Idi. Uongo hauwachoshi watu, kwa sababu hauna kazi ndani yake, hakuna wa kuuhesabia mizunguko. Kama kuna kitu nimekipata kwa machozi ni hicho. Ukimnyamazia mtu anayekusema uongo, yeye anahesabu umekubali, na wale wanaosikiliza wanahesabu hivyo hivyo.

Lakini Kisoki na Mama Zawadi ni midomo tu. Hasira yangu kubwa ni kwa baba yako mdogo Shabani.

Alikuja kutoka Goba siku ile ile, akasimamia msiba vizuri, hilo silikatai. Siku ya pili akasimama mlangoni kwangu na watu wawili.

"Shemeji, kile kitu tunakwenda kukitupa shimoni."

"Kitu gani?"

"Lile dude la umeme. Limeshaua, halifai kukaa nyumbani."

"Ile ni sufuria yangu, shemeji," nikamwambia. "Haitoki."

Walidhani msiba umenipanda kichwani. Waliondoka wakisema tumwache, atapoa. Sufuria ikawekwa kwenye gunia, stoo.

Hilo si kitu. Kitu ni kile alichokwambia wewe makaburini. Ulinieleza mwenyewe, ukilia. Alikuwekea mkono begani akasema, "Hukukusudia, mwanangu. Mungu anajua hukukusudia." Watu wakaona ana huruma. Mimi nasema hakuna neno baya kuliko hilo lililosemwa katika msiba ule. Angekushtaki, ungejitetea. Yeye akakusamehe. Akakusamehe kosa ambalo halipo, mbele ya watu, nawe ukiwa mtoto mwenye adabu ukaupokea msamaha wake, na ukishapokea msamaha umepokea na kosa.

Nimekaa ndani miezi hiyo nikijiuliza kwa nini. Shabani si mtu mbaya. Halafu siku moja alikuja kunijulia hali, akaketi nje ya pazia, nikamsikia anavyohema. Nikamwuliza, "Shemeji, dawa za presha unakunywa?" Akasema, "Mie niko fiti." Akabadilisha mazungumzo haraka. Ndipo nilipoelewa. Yeye na baba yako wana presha ile ile waliyoiacha wazazi wao, walikwenda kupimwa pamoja, wakapewa dawa pamoja, wakaziacha pamoja. Kama kaka yake amekufa kwa umeme wa sufuria, Shabani yuko salama, kwa sababu yeye hana sufuria. Kama amekufa kwa presha, zamu inayofuata ni yake. Akachagua umeme. Na umeme ulihitaji mtu wa kuuunga.

Namwonea huruma. Lakini hofu yake akaibebe yeye. Si mzigo wa kumpa kijana aende nao Tunduru.

Na baba yako pia nina hasira naye, tusimfanye malaika kwa sababu amelala. Aliyekataa kuweka kapasita kwa kuwa huenda siku moja ikafa ndani kwa ndani, ndiye aliyesema dawa za presha zinampa usingizi. Kichwa cha mtu si spika. Alikwambia wewe, hakujiambia mwenyewe. Nilizoea kuziweka dawa kwenye kisosi kando ya chai yake, na jioni nazikuta kwenye kisosi. Nikawa nazirudisha kwenye pakiti kimyakimya. Upole tena.

Sasa nikueleze nilikokwenda siku ile nilipotoka eda, kwa sababu uliniuliza nikasema nimekwenda kununua uzi. Nilikwenda Kawe kwa Mzee Gabrieli. Niliitoa sufuria kwenye gunia, nikaifunga kwenye khanga, nikaipakata njia nzima. Yule mzee alipoiona akaipokea kwa mikono miwili. Alikuwa anajua vyuma vya transfoma vilikotoka.

"Shemeji, unataka niitengeneze?"

"Sitaki uitengeneze. Nataka uniambie kama imemuua mume wangu. Na usinionee huruma."

Akatoa mita yake. Alipima kutoka waya wa masikioni kwenda waya wa umeme, upande wa kulia, upande wa kushoto. Alipima sufuria na ethi. Akaangalia fyuzi, nzima. Akaninyooshea mita nione mwenyewe sindano, imelala, haikusogea hata kidogo.

"Hakuna njia," akasema. "Umeme hata ungetaka, hauna pa kupita. Nani alizungusha transfoma hizi?"

"Mimi."

"Basi ulikuwa unajua kabla ya kuja."

"Nilikuwa najua," nikasema. "Mwanangu ndiye hajui."

Akaendelea kuangalia akakuta kitu kimoja. Ufagio wa Kisoki ulichomoa waya wa sikio la kushoto, umeng'oka mahali pake unaning'inia. Siyo ule uliouunga wewe. Wako umeshika, aliuvuta kwa koleo haukutoka, akasema mkono huu una adabu. Alitaka kuurudisha ule uliong'oka, ni kazi ya dakika chache. Nikamkatalia. Nikamwomba aiwashe hivyo hivyo, aweke kanda yetu niliyokuja nayo, nikavaa hedfoni palepale dukani kwake, mbele ya wateja. Niliogopa, sitakudanganya. Transfoma nilizizungusha kwa mkono wangu, nimeona sindano imelala, na bado niliogopa, kwa sababu moshi wa Mama Zawadi ulikuwa umeniingia hata mimi. Kisha fidla zikaanza, upande wa kulia, karibu sana, kama mtu ananong'oneza ndani ya mtandio wangu.

Kwa hiyo sikuzuii kwenda Tunduru. Kupokea korosho na kuandika magunia ni kazi halali, na umeahidi watu. Najua pia kazi hiyo alikutafutia Shabani ili, kwa maneno yake, ukae mbali na mambo ya umeme. Najua chuo cha ufundi kilikukubali ukaacha nafasi ipite, na chuma cha kuchomea risasi ulikitupa kwenye boksi la takataka, nikakiokota nikakisafisha majivu. Chuo kipo, kinapokea watu kila mwaka. Hilo utaamua mwenyewe ukiwa umetulia. Ukipenda korosho, kaa na korosho. Ila nenda kama mtu anayekwenda kazini. Usiende kama mtu aliyefukuzwa, maana hakuna aliyekufukuza hapa mwenye haki ya kufukuza.

Barua hii nitaiacha juu ya cherehani, hapo unapowekaga funguo ukiingia. Isome yote ndani kabla hujatoka uani, nakuomba, kwa sababu utakachokikuta uani sitaki kikushtue. Nitakuwa nimekaa kwenye kiti cha kamba cha baba yako. Sufuria itakuwa kwenye kigoda mbele yangu, valvu zimewaka, na hedfoni kichwani kwangu. Ni saa ya Mama Zawadi kuwasha jiko, Kisoki atakuwa ametoka kazini. Nimeichagua saa hiyo. Wataangalia. Nimeangaliwa miezi yote hii nikiwa nyuma ya pazia, leo waangalie bila pazia. Kisoki akishika ufagio, afagie.

Usikimbilie swichi. Mimi niko salama, na aliyenifanya niwe salama ni baba yako aliyeng'ang'ania transfoma, na wewe uliyeunga waya usiotoka.

Chuma cha risasi kiko kwenye droo ya cherehani, upande wa pamba. Uje nacho. Uchomoe umeme kwanza, usubiri valvu zipoe, kapasita zile za njia ya umeme uzimalize moto wake, kama ulivyofundishwa. Halafu uurudishe ule waya mahali pake. Nitakushikia taa.

Ni wa upande wa kushoto, Idi. Kanda ninayo hapa, nimeirudisha mwanzo. Mimi bado sijamsikia yule anayekohoa.

Mama yako